Maumivu Mawili ya Kidole Kimoja

Juzi, nikishuka daladala Mbagala Rangi Tatu, nilijikwaa kwenye ukingo wa mtaro, na kidole gumba cha mguu kikaniuma mara mbili: kwanza uchungu mkali kama wa sindano, kisha, nilipodhani yamekwisha, yakaja maumivu mazito ya kuungua yaliyonifuata hadi nyumbani.

Chanzo chake ni aksoni, ule uzi mrefu wa seli ya neva, ambao katika mguu wa mtu mzima waweza kufikia mita 1 ilhali unene wake haufiki hata sehemu ya hamsini ya milimita. Wengi huufananisha na waya wa umeme, mfano ambao kwangu hautoshi. Aksoni inapotulia, ndani yake huwa na volteji hasi ya takriban milivolti 70 ikilinganishwa na nje. Inaposisimuliwa, vilango vya utando wake hufunguka, sodiamu ikaingia kwa kasi, na kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde ndani hugeuka kuwa chanya, kabla potasiamu haijatoka na kurudisha hali ya awali. Badiliko hilo huamsha kipande cha utando kinachofuata, nacho huanza upya kwa nguvu zake chenyewe. Ni kama abiria wa kiti cha nyuma anaposema “shusha!” na kila aliye mbele yake akalirudia kwa sauti yake mwenyewe: neno humfikia konda bila kufifia.

Hayo yalithibitishwa na wanasayansi wa Kiingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliochapisha matokeo yao mwaka 1952 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Walitumia aksoni nene ya ngisi, jamaa wa hawa tunaowanunua kwenye soko la samaki la Feri. Kila nipitapo pale huwatazama kwa heshima.

Nyuzi zetu, hata hivyo, hazilingani. Baadhi zimeviringishwa mielini, tabaka la mafuta lenye mapengo madogo, na msukumo, yaani lile badiliko la umeme, huruka kutoka pengo hadi pengo. Zile nyembamba za namna hiyo hupeleka uchungu wa kwanza kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nyingine, zinazobeba maumivu ya pili, hazina mielini kabisa, nazo hujikokota kwa mita 0.5 hadi 2. Kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo ni kama mita 1, kwa hiyo nilipokuwa nikishusha pumzi pale kando ya mtaro, habari ya pili ilikuwa bado imo njiani, pengine haijavuka goti.