Kichomi cha kicheko

Jumapili, usiku. Mama amelala, mimi usingizi umenikataa.

Mchana mdogo wangu, muuguzi huko Uingereza, alituma ujumbe kwenye kundi la familia. Siku hizi Kiingereza kinamtoka kabla ya Kiswahili. Aliandika kwamba mzee mmoja wodini aliwaweka "in stitches" usiku kucha. Mama akataka nimsomee, nikamsomea nilivyoelewa: wameshonwa nyuzi. Aliacha kuchambua mchele, ungo ukabaki magotini. "Mwanangu kashonwa? Nani kamuumiza?"

Nikapiga simu papo hapo. Mdogo wangu akapokea mzima wa afya: mzee yule aliwachekesha, basi. Mama hakucheka. Alishusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akarudi kwenye mchele wake.

Tangu hapo neno lile halijanitoka. Kumbe sindano na uzi havimo kabisa. "Stitch" hapa ni yale maumivu ya ubavuni yanayomshika mtu akikimbia na tumbo limejaa, na katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa na maana ya kuchomwa na kitu chenye ncha. Sisi maumivu hayo tunayaita kichomi, kutokana na kuchoma! Watu wa bahari mbili tofauti wameshika ubavu uleule, wakaupa jina lilelile. Jambo hili limenifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Shakespeare analo katika tamthilia yake Twelfth Night. Maria, mtumishi, anawaita wenzake waje wamwone Malvolio, msimamizi wa nyumba, na soksi zake ndefu za manjano, wacheke mpaka vichomi viwashike. Mchezo huo ulioneshwa London tarehe 2 Februari 1602, na tunajua hivyo kwa kuwa mwanafunzi wa sheria, John Manningham, aliuandika katika shajara yake.

Kwa tabasamu msemo huu haufai. Ni wa kicheko kinachokushinda nguvu, na aghalabu yupo aliyekichokoza. Tena husemwa kwa wingi. Kichomi kimoja ni cha mkimbiaji. Ningekuwa nimetulia, ningemsomea Mama hivi: mzee kawavunja mbavu. Angeelewa mara moja, na kwangu mimi hilo letu lina nguvu zaidi.

Kabla ya kwenda kulala aliniuliza yule mzee anaumwa nini. Sikuwa na jibu. Kesho nitamuuliza mdogo wangu.