Mwaka 802 umeandikwa pale Gede

Jana tulitoka Malindi alfajiri, mimi na shangazi, tukaanzia msitu wa Arabuko-Sokoke. Njia za miguu ni za mchanga, laini, na majani makavu yanalia chini ya viatu. Tulikuwa tumekaa kimya tukinywa maji ndipo isanje, mnyama mdogo wa msituni, akapita: pua ndefu, nyuma rangi ya dhahabu, puu! kaingia kichakani. Nimezaliwa huku na sikuwahi kumwona. Shangazi alinishika mkono hadi ukaniuma.

Mchana tukaingia magofu ya Gede. Jamani, nendeni. Mizizi imekumbatia kuta za matumbawe, kima wanakimbizana juu, na ndani ni baridi hata jua likiwa kali. Msikiti mkuu bado una kibla chake. Kisima kiko pale pale, watu walipotawadhia. Walikuwa wakila kwenye sahani za kaure kutoka China, watu wa mji huu huu wetu wa pwani! Mji uliachwa karne ya 17, msitu ukaufunika.

Lakini kilichonitoa machozi ni lile kaburi lenye tarehe, mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Shangazi alisimama mbele yake akamsomea maiti Fatiha, taratibu, kama anavyowasomea wazee wetu. Nami nikainua mikono.

Tangu 2024 Gede imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Tafadhali, msichonge majina yenu kwenye zile kuta.