Ile "haya" ya baba

Bado haijanitoka tangu Jumamosi. Barua ya kupandishwa cheo niliyowalilia humu mwaka mzima imefika, mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kiume, na yote nimeyapokea vizuri, nimeshukuru, nimekata simu, kisha mawazo yakarudi pale pale uwanja wa harusi Ahero, karibu na Kisumu, nilipomwacha baba amesimama mbele ya spika.

Mnajua alivyo tangu tumzike mama. Sherehe hataki. Kumtoa nyumbani Seme hadi harusini ilibidi bwana harusi mwenyewe, mtoto wa nduguye, aende kumchukua na gari. Akaketi hema la wazee, soda yake isiyo baridi mkononi, hasemi na mtu sana. Saa kumi hivi DJ akaweka ule wimbo wa Kasongo.

Uwanja mzima uliinuka. Tangu mwishoni mwa 2024 vijana walipouokota TikTok na kumbandika Rais Ruto jina hilo, wimbo huu haupumziki: uko kwenye matatu za Kondele, kwenye tuktuk, harusini, matangani. Watoto wa shule ya msingi wanaimba kibwagizo cha Kilingala bila kubabaika. Mimi hilo linanifurahisha kwelikweli. Orchestra Super Mazembe walitoka Zaire wakatua Nairobi mwaka 1974, wamejiita kwa jina la matingatinga, wakarekodi miaka hiyo hiyo ya 1970 malalamiko ya mke anayemsihi mumewe arudi nyumbani, na leo binti yangu wa Gredi ya 6 anayaimba akiosha vyombo. Wanamuziki wangapi hupata hayo?

Basi baba akainuka. Aliisukuma chupa chini ya kiti isije ikapigwa teke, akafunga kifungo cha koti, akasogea hadi ukingoni mwa hema. Hakucheza. Alisimama tu, kisigino cha kulia kikihesabu mapigo, na mimi nilijua anachongoja. Wimbo ule una mahali ambapo waimbaji wanapisha, magitaa yanashika usukani, na ile ngoma ya kukimbiza waliyoiita kavacha inafanya usiweze kuketi. Kibwagizo kikaja, vijana wakapiga mayowe wakiwa wameinua simu, kikarudi mara ya pili, na hapo DJ akaukata. Amapiano ya Afrika Kusini ikaingia.

Baba alivuka uwanja wote ule peke yake, katikati ya watu wanaocheza. Nikamfuata nikidhani amekasirika.

"Kijana, mbona umeukata?"

DJ akashusha vile vidude vya masikioni, akainama ili amsikie vizuri. "Mzee, wimbo si umeishia hapo?"

Baba akamtazama. Akasema, "Haya."

Ni hayo tu. Akageuka, akarudi kitini, akaitafuta chupa yake kwa mguu.

Nimeyarudia maneno hayo kazini, jikoni, kwenye foleni ya benki. Angekuwa na kiburi yule kijana, ningejua la kufanya, mdomo ninao. Lakini alimwita mzee kwa heshima, alishusha vidude vya masikioni, aliinama. Aliamini kabisa kwamba wimbo umeisha. Amekua akiusikia kipande cha nusu dakika, na kipande hicho ndicho wimbo wenyewe kwake. Na baba aliona hivyo, ndiyo maana hakubishana. "Haya" yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ile anayomwambia karani ofisini anapoelezwa kwamba faili halionekani, arudi wiki ijayo.

Jumatatu nilitaka kumtafuta DJ yule. Niliandika ujumbe mrefu nikaufuta. Nilitaka kumweleza kwamba watu wa rika la baba hawakununua santuri zile kwa ajili ya kibwagizo. Nyimbo nyingi za wakati huo zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45, kwa hiyo zilikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, magitaa upande wa pili. Kisumu hii ilikuwa mji wa santuri hasa. Lebo za mtayarishaji Oluoch Kanindo zilisafirisha benga, muziki wetu wa magitaa wa Waluo, hadi Zimbabwe, na huko mtindo wenyewe ukaitwa kanindo, jina la mtu wa huku! Baba alikuwa na kreti nzima, wanabenga D.O. Misiani na Victoria Kings wamesimama bega kwa bega na Wazaire, na ukimwuliza nyumbani kwao walicheza upande upi zaidi, atakwambia upande wa pili. Kumpigia mtu kama huyo kibwagizo halafu ukakata ni sawa na kumnawisha mgeni mikono kisha ukaondoa sahani.

Hasira hiyo nimekaa nayo hadi jana.

Jana jioni baba alikuwa bado kwangu, anangoja miwani yake itoke kutengenezwa. Binti yangu akauweka wimbo kwenye simu, mzima, kwa sababu tu alikuwa na mikono yenye sabuni na hakuweza kuubadilisha. Maneno yakapita. Kibwagizo kikapita. Magitaa yalipoanza kufukuzana, baba akainua kidole kimoja bila kufumbua macho.

"Sasa."

Mtoto akageuka. "Babu, kumbe kuna hapa? Mbona hawapaweki?"

"Hapo mwanzo ni pa kutafutana," baba akasema. "Unamwangalia anayekuja kukuomba, unamkataa ukitaka. Ikifika hapa mmeshakubaliana."

Akasimama. Mlango wa jikoni wangu ni mwembamba, mnaujua, akacheza hapo hapo mlangoni. Viwiko vimebanwa mbavuni, mabega yametulia kabisa, kazi yote iko kwenye visigino: kimoja kinazunguka, kingine kinakifuata nusu hatua nyuma. Miaka sabini na kitu, na hakutoka nje ya kigae kimoja. Binti yangu akajaribu akateleza kwenye maji, wakacheka wote wawili.

Halafu akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. Shida ya siku zile ilikuwa santuri ikifika mwisho wa upande wa kwanza: kabla mtu hajaigeuza, watu wanaachana mikono, wengine wanakwenda kuketi, na raha imevunjika. "Mama yenu ndiye aliyekuwa anaigeuza. Alikuwa na mkono mwepesi. Alikuwa anasimama karibu na gramafoni makusudi, sindano ikiinuka tu ameshaigeuza, watu hawajapata hata nafasi ya kufuta jasho. Mimi nilimwona hivyo kwanza. Nilimwona mkono."

Nilikuwa nakata sukuma. Niliendelea kuikata hadi ikawa laini mno kupikwa. Mama yangu, ambaye nilimjua kwa kanisa, shamba na adhabu, alikuwa msichana aliyesimama kando ya gramafoni ya betri ili densi isikatike! Ningeuliza mengine mia, lakini wimbo uliisha, na baba akaomba chai.

Kwa hiyo yule DJ nimemwachia. Wapige kipande wanachokijua, ili mradi wimbo mzima upo na mtoto anaweza kuukuta akiwa na sabuni mikononi.

Kinachoninyima usingizi usiku huu ni ng'ombe. Yule mweusi wa Seme anatarajiwa kuzaa wiki hii, na kijana anayetuchungia amepiga simu saa tatu kusema ng'ombe hajala tangu asubuhi. Mvua imeharibu barabara, daktari wa mifugo hashiki simu, na baba sijamwambia kwa sababu nikimwambia ataondoka usiku huu huu bila miwani. Kijana anasema amempa chumvi. Chumvi ya nini sasa?