Kumbukumbu ya mradi: Blender iko kwenye seva, mimi niko kwenye laptopu

Mradi wenyewe ni huu: laptopu yangu ina grafiki za ndani ya prosesa tu, na modeli zangu za Blender (programu ya kutengeneza vitu vya 3D) zimeshaizidi nguvu. Seva ninayoitumia ina Linux, memori ya kutosha na kadi ya NVIDIA, ila haina skrini wala kibodi. Nataka programu iendeshwe kule, nami niizungushe modeli huku kana kwamba ni ya hapa hapa.

Kuanza na ssh -X

Ndiyo njia inayopendekezwa na kila mtu: unaingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuiendesha mashine ya mbali), na madirisha ya programu za kule yanatokea kwako. Kwa kihariri cha maandishi inatosha, kwa Blender haifai kabisa. X11, mfumo wa madirisha ambao -X inautegemea, uliotoka mwaka 1987, umejengwa hivi: programu hutuma maagizo ya kuchora, na mashine iliyo mbele ya mtumiaji ndiyo inayochora. Kwa hiyo pembetatu na tekscha (picha zinazofunika nyuso za modeli) zote husafirishwa hadi kwenye laptopu, mzigo unaangukia kilekile kigrafiki dhaifu, na kadi ya seva imekaa bure. Isitoshe, njia hiyo imeachwa kwenye matoleo ya kizamani ya OpenGL (maktaba ya kuchora 3D), ilhali Blender za karibuni zinadai 4.3. Nimeachana nayo bila kinyongo.

VNC tupu

VNC huchora skrini nzima kule kwenye seva na kuniletea picha yake. Dirisha limefunguka, lakini modeli inasogea kwa kushtukashtuka. Kabla ya kuulaumu mtandao nikaandika:

`glxinfo | grep renderer`

Amri hiyo hutaja kinachochora 3D. Jibu: llvmpipe, mchoraji wa kiprogramu. Maana yake kadi haijaguswa, prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Nahisi wengi wanaosema VNC ni nzito hawajawahi kuutazama mstari huu.

VirtualGL na TurboVNC

Hapa ndipo mambo yalipokaa sawa. VirtualGL hujipenyeza kati ya programu na maktaba ya OpenGL kwa ujanja wa LD_PRELOAD (kupakia maktaba yake kabla ya nyingine). Huzidaka amri za 3D, huzielekeza kwenye kadi ya seva, na fremu ikikamilika huzisoma pikseli zake na kumkabidhi TurboVNC (VNC iliyoboreshwa kwa kazi za 3D) azibane kwa JPEG. Kinachosafiri ni picha tu, modeli haibanduki kwenye seva. Tangu toleo la 3.0 kuna njia ya EGL (kuifikia kadi moja kwa moja), hivyo huhitaji tena kuwasha seva ya X juu ya kadi yenyewe:

`vglrun -d egl blender`

Nikaiendesha glxinfo kupitia vglrun, na safari hii likaja jina la NVIDIA.

Kubana si hiari. Skrini ya 1920×1080 kwa baiti 3 kila pikseli ni kama megabaiti 6.2 kwa fremu moja. Fremu 30 kwa sekunde zinakaribia gigabiti 1.5. Wi-Fi yangu haiwezi kubeba hiyo.

Ila JPEG ina gharama yake. Kwa mpangilio wa 4:2:0, unaopunguza taarifa za rangi, ule mstari mwembamba mwekundu wa mhimili wa X ulifubaa na kutapakaa kwenye kijivu cha nyuma, nikawa sioni kingo ninayoichagua iko upande gani. Nimezima upunguzaji wa rangi nikashusha ubora kidogo badala yake, mistari imerudi. Nikitaka kukagua rangi kwa uhakika, Ctrl-Alt-Shift-L huleta picha nzima bila upotevu wowote.

Usalama haukunichukua muda: nimewasha VNC kwa `-localhost`, kisha naipitisha ndani ya SSH kwa `-L 5901:localhost:5901`. Poti haionekani nje.

Kinachonisumbua sasa

Ni ucheleweshaji, wala si upana wa mtandao. Ping (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi) ikiwa milisekunde 15, modeli inafuata mausi vizuri. Ikifika 120 naipitiliza kila ninapoizungusha, narudi nyuma, naipitiliza tena. Kupunguza ukubwa wa skrini hakusaidii, kwa sababu safari ya kwenda na kurudi ni ileile. Uchongaji kwa mkono nimeusitisha nikiwa mbali. Mwangaza, nodi na kurenda (kutoa picha ya mwisho) vinavumilika.

Kinachofuata ni kujaribu Sunshine upande wa seva na Moonlight huku (jozi ya programu za kurusha skrini kama video), ili kadi yenyewe ibane video kwa H.264 badala ya prosesa kuhangaika na JPEG. Kikwazo ni kwamba Sunshine inanasa skrini iliyopo, na seva hii haina. Kwa hiyo kwanza natengeneza skrini bandia kwenye mipangilio ya X.