Nilidhani nakufa, kumbe ni hofu

Usiku ule nilikuwa nimejilaza tu kitandani, simu mkononi, sina hata ugomvi na mtu. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio kama nimefukuzwa. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, midomo ikawa kama inachomwachomwa na sindano. Nikamwamsha dada: "Dada, nakufa. Nipeleke hospitali."

Nikapimwa moyo: mzima. Presha imepanda kidogo, basi. Daktari akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Siku hizi unalala?" Nikaangua kilio palepale.

Akanieleza kuwa lile lilikuwa shambulio la hofu. Mwili ukidhani kuna hatari humwaga homoni iitwayo adrenalini, moyo unaongeza kasi, unaanza kuhema harakaharaka. Ukihema hivyo, hewa ukaa kwenye damu inapungua, na hapo ndipo ganzi na kizunguzungu vinapoingia. Yaani kadiri nilivyogombania hewa ndivyo nilivyozidi kujitesa! Mara nyingi kilele hufika ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka chenyewe. (Ila kifua kikikubana usijipe jibu mwenyewe, nenda kapimwe kwanza.)

Kilichonitesa zaidi baadaye si shambulio lenyewe, ni kulisubiri. Nikaacha lifti, nikakwepa foleni, nikawa natafuta viti vya karibu na mlango. Sasa namwona mshauri nasaha kila wiki.

Juzi likaja tena, katikati ya kikao. Nikakanyaga sakafu kwa nguvu, nikatoa pumzi polepole huku nahesabu mpaka 6. Jasho lilinitoka, lakini sikukimbia. Aliyekaa pembeni yangu hata hakujua. Alikuwa anasinzia.