Barua ya Margery, kwa mkono wa karani

Februari 2025 dada yangu mkubwa, mkazi wa London, alinipeleka British Library, jirani na stesheni ya St Pancras, kutazama maonyesho ya maandishi ya wanawake wa Ulaya wa zama za kati. Yeye alikuwa na hamu na barua ya Joan of Arc, yule binti wa Kifaransa aliyeongoza askari vitani, ya mwaka 1429, yenye saini yake. Mimi nilizifuata barua za akina Paston.

Hawa walikuwa watu wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, ukoo uliotoka kwenye jembe ukaja kumiliki mashamba, kisha ukayapigania mashamba hayo mahakamani na hata kwa silaha katika karne ya 15. Wanaume wakiwa London kwenye kesi, wake zao ndio waliolinda mali. Mwaka 1448 Margaret Paston alimwandikia mumewe amtafutie pinde na mishale, maana watu wa adui walikuwa wamejizatiti ndani ya nyumba waliyowanyang'anya. Na katika barua hiyohiyo akaagiza ratili ya lozi, ratili ya sukari, na kitambaa cha kuwashonea watoto. Nampenda sana mama yule.

Lakini iliyonisimamisha ni ya Margery Brews, ya Februari 1477. Anamwita mchumba wake, John Paston, Valentine wake, ndiyo maana inahesabiwa kuwa barua kongwe ya Valentine iliyosalia kwa Kiingereza. Mambo yenyewe ni mazito. Kule zama hizo mali ya ndoa ilitoka kwa baba wa binti, na baba yake amekataa kuongeza. Mama amembembeleza mzee kadiri alivyoweza, wapi! Margery anasema hana afya ya mwili wala ya moyo, na kwamba kama John anampenda kweli hatamwacha kwa sababu ya fedha. Mwishoni anamsihi barua hiyo isionwe na kiumbe yeyote duniani ila yeye peke yake.

Nilimtafsiria dada maneno hayo kwa sauti ya chini. Akauliza, "Na aliyemwandikia je?"

Aliyeshika kalamu alikuwa Thomas Kela, karani wa baba yake Margery. Binti alilazimika kuyatamka hayo yote, pamoja na ugumu wa mkono wa baba, mbele ya mtu anayekula kwa baba huyohuyo.

"Kama wewe na bibi," dada akasema.

Kweli. Bibi yetu wa Pangani hakujua kuandika, na barua zake kwa mdogo wake aliyekuwa Muscat nilimwandikia mimi, nikiwa darasa la tano. Akifika penye siri hunyamaza, akanitazama usoni kwanza, ndipo aendelee. Zipo habari za ndoa ya shangazi nilizoziandika wakati ule ambazo hadi leo sijamwambia mtu, hata dada. Kwa hiyo yule Kela namwamini. Angekuwa mpeleka maneno, Margery asingemfungulia moyo namna ile.

"Mdogo wangu, nijibu basi. Alimwoa?"

"Alimwoa, mwaka huohuo. Wakazaa na watoto."

"Alhamdulillahi!" akasema dada, kwa sauti iliyomgeuza mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa mbele yetu, kisha akanishika mkono tukamtafute Joan wake.