Papa, pesimeka na mashine ya kuchomelea

Papa, baba yangu, aliporudi kutoka Johannesburg na pesimeka (kifaa kidogo kinachosaidia moyo kupiga, chenye waya unaofika moyoni) chini ya mtulinga wa kushoto, parseli yetu nzima, yaani kiwanja tunachokaa hapa Katuba, Lubumbashi, iligeuka madaktari. Mama mkubwa alimnyang'anya simu. Jirani akamkataza televisheni. Mwingine akasema hata nyaya za SNEL, shirika la umeme, azipitie mbali. Lakini mashine ya kuchomelea iliyokuwa inamsubiri kibandani, hakuna aliyeitaja!

Simu haina shida, mradi isikae mfuko wa shati, iwe sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, asikilizie sikio la kulia. Televisheni aitazame mpaka achoke. Shida yenyewe iko kwenye kuchomelea.

Pesimeka husikiliza moyo kwanza. Ikisikia pigo, inanyamaza. Isiposikia, inapiga yenyewe. Umeme wa moyo ni mdogo, unapimwa kwa milivolti. Mashine ikiwaka karibu, waya wa kifuani unaweza kudaka fujo yake, kifaa kikadhani ni moyo, kikanyamaza. Ambaye moyo wake unategemea kifaa kila pigo anaweza kuanguka. Wenye kifaa cha kushtua moyo wana balaa lingine: kupigwa shoti bila sababu.

Kwa kifaa cha Papa, daktari hakukataza kabisa. Asizidishe ampea 160, cheche iwe sentimita 60 kutoka kifuani, koleo la masi (la waya unaorudisha umeme kwenye mashine) libanwe karibu na anapochoma, nyaya zilale chini pamoja, zisipite begani. Glovu kavu. Akisikia kizunguzungu, aache na asogee.

Fundi aliyezoea kuinamia chuma ataona sentimita 60 ni safari. Chasi za malori zinataka ampea nyingi, kwa hiyo amewaachia vijana, na roho inamuuma, maana pesa iko huko.

Halafu spika za kanisa! Alizoea kuzibeba kwa kuzikumbatia, na ndani mna sumaku nzito. Kwa kawaida sumaku haizimi pesimeka. Inaifanya ipige mwendo mmoja bila kusikiliza moyo, mpaka sumaku iondolewe. Kwenye kifaa cha kushtua ni mbaya zaidi, inaweza kusimamisha ulinzi wenyewe.

Majuzi daktari alisoma kumbukumbu ya kifaa, hakukuta fujo yoyote. Papa akanitazama kama aliyeshinda kesi. Mimi bado nataka aache. Yeye ameshapokea avansi, malipo ya awali, ya geti la mtu wa Ruashi.